Uchambuzi: Tope la vyoo laweza kuwa nishati, lakini vijidudu wana masharti yao

Kwa wakaazi wa kambi ya Dzaleka, choo kinapojaa ni suala la uhai. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Malawi mwezi Machi mwaka 2022 uliwapata watu zaidi ya 58,000 na kuua zaidi ya 1,700, ukiwa mbaya kuliko yote katika historia ya nchi hiyo. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Leo inawahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda.

Mjini Lilongwe nako mabomba ya majitaka yanafikia sehemu ndogo tu ya wakaazi. Malori hunyonya mashimo ya vyoo na kumwaga tope kwenye mabwawa ya Kauma. Je, tope hilo ni mzigo au ni mali?

Jibu linawategemea viumbe wasioonekana kwa macho. Ndani ya tangi lisiloingiza hewa, bakteria wa kundi la kwanza huvunja mafuta, wanga na protini. Kundi la pili hugeuza mabaki hayo kuwa asidi, na la tatu huziandaa asidi hizo kwa ajili ya viumbe wa mwisho, waitwao arkea, ambao hutoa methani, gesi ya kupikia. Lakini bakteria wa mwanzo huenda mbio, ilhali arkea huzaliana polepole. Tangi likishindiliwa taka kwa mkupuo, asidi hurundikana, arkea hudhoofika na gesi hukatika.

Mifano ipo jirani. Rwanda ilianza mwaka 2001 kujenga mitambo ya bayogesi magerezani, ikitumia kinyesi cha wafungwa kupunguza kuni za jikoni. Mjini Kampala, mtambo wa Bugolobi umejengwa kusafisha lita milioni 45 za majitaka kwa siku, na tope lake huzalisha gesi ya kuendesha majenereta.

Hata hivyo, Dzaleka haiwezi kuiga tu. Tope lililokaa shimoni kwa miaka limekwisha kuoza na hutoa gesi kidogo; ndiyo maana magereza ya Rwanda huunganisha vyoo moja kwa moja na tangi. Arkea hupenda joto la nyuzi 35 hivi, na baridi ya Juni na Julai huwapunguzia kasi, hivyo tangi hufaa kufukiwa ardhini. Dawa kali za kuua vijidudu, zinazomwagwa kwa wingi vyooni wakati wa kipindupindu, huwadhuru pia. Zaidi ya hayo, mayai ya minyoo huweza kusalimika, kwa hiyo tope linalotoka halifai kupelekwa bustanini kabla ya kutibiwa zaidi.

Linalobaki ni la kisiasa. Tangi huhitaji mlezi wa kila siku kwa miaka mingi, ilhali kambi huendeshwa kama makazi ya muda, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi humo. Mpango wowote wa bayogesi utakaojenga matangi bila kuwafunza na kuwalipa wakaazi wenyewe wayatunze, utaishia kuacha mashimo mengine yaliyojaa.