Ati Ni Mabeste Tu? Fumbo Mfumbie Mjinga

Kila nikipendekeza kitabu ama filamu yenye wasichana wawili wanaoangaliana muda mrefu kuliko kawaida, ama vijana wawili ambao mmoja yuko tayari kufa kwa ajili ya mwenzake, lazima msee mmoja atokee na swali lile lile: "Lakini hao si ni mabeste tu? Mbona unapenda kuona vitu hazipo?"

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo najibu wote.

Hii tabia ya kuona "vitu hazipo" sikuitoa Netflix. Niliitoa darasani, tena kwa silabasi ya serikali. Sekondari tulisoma Kigogo ya Pauline Kea. Juu juu ni stori ya mahali panaitwa Sagamoyo na mtawala anaitwa Majoka. Kuna mwalimu alikuambia hiyo ni Sagamoyo tu, usiingize mambo mengine? Hakuna. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapewa yai. Ulitakiwa uchimbe: nani anasemwa hapa, kwa nini hatajwi wazi, mwandishi anaogopa nini. Miaka minne tulifundishwa kuchimba. Sasa nikichukua jembe lile lile nichimbe shamba ambalo hamlitaki, ghafla nimeharibika. Buda, jembe ni moja.

Sina digrii ya fasihi. Niliacha kampasi mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua. Lakini hii haihitaji digrii. Wahenga walishamaliza: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Tuanze na kwa nini mafumbo yapo. Hapa mtu hafumbi kwa raha. Anafumba kwa sababu kuna mwingine amesimama mlangoni na rungu. Hollywood walikuwa na sheria zao, Hays Code, zilizoanza kukazwa mwaka wa 1934 na kuondolewa 1968. Sehemu kubwa ya miaka hiyo mapenzi ya jinsia moja hayakuruhusiwa kuonekana kwenye skrini. Waandishi hawakuacha kuyaandika. Waliyaficha.

Chukua Ben-Hur ya 1959. Ndiyo, hiyo hiyo ya mbio za magari ya farasi ambayo shosho wangu huitazama kila Pasaka na leso mkononi. Gore Vidal, mmoja wa walioshughulikia ile skripti, alikuja kusimulia kwamba hakuelewa chuki kubwa namna ile kati ya Judah na Messala ingetoka wapi, ikiwa walichokosania ni siasa tu. Akaamua hivi: hawa walipendana wakiwa vijana, na Messala anataka warudiane. Kwa maelezo yake, Stephen Boyd aliyeigiza Messala aliambiwa. Charlton Heston aliyeigiza Judah hakuambiwa. Heston alipinga hiyo stori vikali. Sawa, huo ni ushahidi wake. Lakini rudi utazame wanavyokutana mara ya kwanza, Messala anavyomtazama mwenzake, halafu ujiulize kama ni siasa peke yake inaweza kumfanya mtu atazame hivyo.

Ama tuje karibu. Nusu ya mbogi yangu imetazama The Untamed, ile drama ya China ya 2019, vipindi 50. Kwenye riwaya iliyotolewa, Wei Wuxian na Lan Wangji ni wapenzi, wazi kabisa, hakuna mjadala. Kwenye TV, kwa sababu ya udhibiti wa serikali ya China, wakageuzwa kuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Kwa hivyo ukiniambia "hao ni mabeste tu", unarudia kile ambacho wadhibiti walitaka useme. Umewafanyia kazi bure, bila hata nauli.

The Color Purple nayo? Kitabu cha Alice Walker cha 1982 kinampa Celie mapenzi ya kweli na Shug, na ni kupitia Shug ndiyo Celie anajifunza kwamba yeye pia ni mtu. Filamu ya Spielberg ya 1985 ikabakisha busu moja na aibu nyingi, na Spielberg mwenyewe alikuja kukiri kwamba alilainisha hiyo sehemu. Kama ulitazama filamu peke yake, hukukosea kuhisi kuna kitu. Kilikuwepo. Kilikatwa.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa ndipo unafiki unanichoma.

Mnajua wasomaji wakali zaidi wa mafumbo Kenya ni nani? Si mimi. Ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Mwaka wa 2017 walipiga marufuku katuni sita, ati zinaeneza ushoga kwa watoto. Adventure Time ilikuwemo. Wakati huo Marceline na Princess Bubblegum walikuwa bado kwenye mafumbo: fulana moja alipewa mwenzake, wimbo mmoja wa uchungu, macho. Busu lilikuja Septemba 2018, kipindi cha mwisho kabisa. Bodi iliwaona zaidi ya mwaka mzima kabla! Mwaka huo huo wa 2017 zilitoka picha za simba wawili madume wa Maasai Mara mmoja akiwa amempanda mwenzake, na bosi wa bodi wa wakati huo akasema hao wanyama wanahitaji ushauri nasaha. Simba, manze. Hata simba walisomewa maana fiche.

Kwa hivyo tuelewane. Nchi hii inajua kusoma mafumbo vizuri sana. Inasoma inapotaka kukataza. Ikifika zamu ya mtu kufurahia, kujiona, kulia kidogo na kuhisi hayuko peke yake, ghafla wote ni vipofu: "ni mabeste tu".

Na ukiacha mafumbo useme wazi, unapata nini? Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa Cannes, ilipigwa marufuku hapa Aprili 2018. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, kwa sababu mwisho wake una matumaini. Soma hiyo tena polepole. Shida haikuwa tu kwamba Kena na Ziki wanapendana. Shida ilikuwa kwamba hawajuti vya kutosha. Septemba Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku saba, ili filamu iweze kutimiza masharti ya kupelekwa Oscars, na watu wakajaza ukumbi wa sinema Nairobi. Siku saba. Hata mkopo wa simu unakupa muda zaidi.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, siitaji. Mwalimu wa zamu alipata barua chini ya godoro la msichana tuliyelala naye kyubiko moja. Ilisomwa asembli, mbele ya shule nzima. Naikumbuka hadi leo. Haikuwa na neno "mapenzi". Ilisema: nimekuwekea chapati, usiponipata prepu usijali, nikikosa kukuona sisomi. Basi. Chapati na prepu. Lakini walioishika barua hawakusema ni mabeste tu. Wote wawili walitumwa nyumbani wiki mbili, waje na wazazi. Mmoja hakurudi tena.

Sijui kama walikuwa wapenzi. Sikuwahi kuuliza, na pengine wao wenyewe walikuwa bado hawajui. Ninachojua ni kwamba watu wazima wa shule hiyo walisoma maana fiche kwenye chapati, wakamvunjia mtoto masomo kwa hiyo maana. Kwa hivyo ukija kuniambia mimi, ninayependekeza riwaya, ati naona vitu hazipo, utanisamehe nikikucheka.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu, na siwezi kuiruka. Wasee wengine huniambia: ukiita kila ukaribu mapenzi, unaua urafiki. Huku kwetu wanaume hushikana mikono barabarani, wasichana hulala kitanda kimoja, na hakuna kitu. Ni kweli. Urafiki si mapenzi yaliyokosa ujasiri, na kuna stori zinazotaka kuwa za urafiki ziishe hapo. Mwelekezaji wa Luca, Enrico Casarosa, alisema ile ni filamu ya urafiki wa kabla ya mambo ya mapenzi kuanza. Unaweza kujiona ndani ya Luca, mimi pia nilijiona. Lakini sitakuambia imefichwa kitu ambacho mwenyewe anasema hakukiweka.

Kwa hivyo nina kipimo. Mbadilishe mmoja awe wa jinsia nyingine, uache kila kitu kingine kama kilivyo: macho, wivu, ile mvua, ule muziki. Ukiona moja kwa moja ni mapenzi, basi kilichokuzuia kuona mwanzoni hakikuwa kwenye filamu. Kilikuwa kwako.

Na sisi tunaopendekeza pia tuna makosa. Wacha nijichape kwanza.

Tuache kuuza makombo kama pilau. Kuna vipindi vinatupa mzaha wa "nyinyi ni wapenzi?" kila baada ya dakika kumi ili tuendelee kutazama, halafu waandishi wanakana kila kitu. Sherlock ya BBC ilifanya hivyo kuanzia 2010 hadi 2017. Lile halikuwa fumbo la mtu anayeogopa rungu. London hakuna aliyewashikia rungu. Ilikuwa biashara. Ukimpendekezea mtu kitu kama hicho, mwambie mapema: utaachwa na njaa.

Tuseme pia mwisho ukoje. Si lazima umwage stori yote, lakini mtoto wa miaka 17 ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote anastahili kujua kama kitabu unachompa kinaisha na kaburi. Vingi vinaisha hivyo. Kwa miaka mingi njia rahisi ya kupitisha stori kama hizi ilikuwa kuua mmoja. Ndiyo maana mwisho wa Rafiki uliwauma, na ndiyo maana naupenda.

La tatu ndilo kubwa. Soma vitabu, usisome majirani. Mhusika hawezi kufukuzwa shule. Hawezi kupigwa na mtaa ama kufungiwa nje na mama yake. Mtu wa kweli anaweza. Ukianza kuchambua nani anaandikia nani barua, nani anakaa na nani, umekuwa yule mwalimu wa zamu. Sheria zetu bado zina kifungu cha 162, miaka hadi 14 jela. Hapo si mahali pa kuonyesha una macho makali.

Haya, mlitaka mapendekezo. Anzeni na "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, hadithi fupi iliyoshinda Caine Prize 2007 na ndiyo iliyozaa Rafiki. Jambula ni zambarau tu, ule mti unaotuchafua midomo. Anyango anamwandikia Sanyu. Ndiyo, ni barua tena. Hii hakuna wa kuisoma asembli.

Halafu One Day I Will Write About This Place ya Binyavanga Wainaina, kumbukumbu za maisha yake, 2011. Isome yote. Utaona kuna mahali anakaribia kusema kitu, halafu anageuka. Januari 2014 aliandika sura aliyosema ilipotea kwenye kile kitabu, na hapo ndipo alimwambia mamake, aliyekuwa ameshafariki, kwamba yeye ni shoga. Alikuwa amejua tangu akiwa na miaka mitano. Mwandishi aliyeshinda Caine Prize, mwenye jina dunia nzima, na bado kitabu cha maisha yake kilitoka na shimo katikati. Alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kufuta kile kifungu.

Kwa hivyo soma kitabu, halafu usome hiyo sura, kwa mpangilio huo. Ukimaliza, rudi uniambie ati naona vitu hazipo.