AFYA YA NYUMBA: Maji Baridi na Bakteria Mwenye Vijinywele

Juma hili twawaelekea akina mama na akina baba wa Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, ambako watu wengi huteka maji chemchemini na kuyatia mtungini. Maji hayo huwa maangavu tena baridi, na mtu aweza kudhani kwamba hayana madhara. Dhana hiyo ni ya hatari, nasi tutaeleza kwa nini.

Wengi wa bakteria waitwao Escherichia coli hukaa matumboni mwetu bila kutudhuru. Lakini wamo wachache watoao sumu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa toka 2007 hadi 2011 katika nchi saba za Afrika na Asia, pamoja na magharibi ya Kenya, ulidhihirisha kwamba hao ni miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto walio chini ya miaka mitano.

Sumu peke yake haimtoshi bakteria huyu. Utumbo husukuma vilivyomo ndani yake mchana na usiku, na asiye na cha kujishikizia husukumwa nje. Kwa hiyo yeye huota vijinywele vyembamba mno, visivyoonekana ila kwa darubini yenye nguvu nyingi. Mwaka 1955 mtaalamu J. P. Duguid wa Uskochi na wenzake waliviita fimbria. Kwa vijinywele hivyo bakteria hung'ang'ania ukuta wa utumbo, akazaana hapo na kumwaga sumu inayoufanya utumbo utoe maji na chumvi kwa wingi.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba vijinywele hivi havioti wakati wote. Katika miaka ya 1970 wataalamu waligundua kwamba aina moja huota bakteria anapokuzwa katika joto la nyuzi 37, ambalo ndilo joto la mwili wetu, lakini haioti katika nyuzi 18. Penye baridi, protini fulani huyakalia maagizo ya kuvitengeneza na kuyazuia. Joto la mwili huisaidia bakteria kukiondoa kizuizi hicho. Aina nyingine huamshwa na nyongo iliyomo utumboni. Hivyo bakteria hapotezi nguvu zake kutengeneza kamba mahali pasipo na cha kufungia.

Basi baridi ya mtungi haimwui bakteria huyu. Humtuliza tu hadi atakapofika tumboni mwa mtoto. Hatuna budi kumwangamiza kabla hajafika huko.

Wataalamu waliochunguza chemchemi za Busia, Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, waliona kwamba kuijengea chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi katika maji yake kwa thuluthi mbili, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Hata hivyo, maji ya nyumbani hayakusafika kwa kiasi hicho, kwa kuwa yalichafuka tena baada ya kutekwa. Kwa hiyo chemchemi njema haitoshi. Chemsha maji ya kunywa, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yafunike, na uyachote kwa kata yenye mpini ili vidole visiguse maji. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kumlisha mtoto. Uji uliolala usimpe. Mtoto aliye chini ya miezi sita na anyonye maziwa ya mama tu, kwani yana kinga zinazowazuia bakteria wasishike utumboni.

Mtoto akiharisha, usimnyime maji wala ziwa. Mpe dawa ya chumvichumvi. Ikikosekana, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, umnyweshe kidogo kidogo. Uliza pia kituo cha afya wakupe vidonge vya zinki. Ukiona macho yamedidimia, mtoto amelegea, hakojoi au anahara damu, mpeleke kwa mganga upesi. Usingoje kuche, kwani kukaukiwa na maji ndiko kuuako.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane juma lijalo.