Buibui ni Mdudu ama Si Mdudu? Dogo Ameonewa

Wasee, nina kesi hapa. Wiki iliyopita dogo wetu, yuko Gredi ya 5, alirudi nyumbani amenuna. Kwenye karatasi ya sayansi aliambiwa ataje wadudu watatu. Akaandika nzi, siafu, buibui. Buibui akawekewa mkasi mwekundu.

Kinachomuuma si hiyo alama moja. Muhula huu huu, kwenye Kiswahili, alimweka buibui kwa orodha ya wadudu na akapewa alama yake. "Sasa nishike gani?" akaniuliza. Nikacheka kwanza, halafu nikaona sina jibu.

Nimekaa na hiyo swali, na msimamo wangu ni huu: walimu wote wawili wako sawa, na dogo ameonewa.

Sayansi inahesabu. Mdudu wa sayansi ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu na vipembe viwili kichwani. Buibui ana miguu minane, mwili wa sehemu mbili, na vipembe hana. Yeye ni ukoo mmoja na nge na kupe. Hapo hakuna ubishi.

Lakini Kiswahili hakikuwahi kuhesabu miguu ya mtu. Mdudu ni kitu kidogo kinachotambaa, kinachoruka au kinachouma. Jongoo ni mdudu, tandu ni mdudu, nge ni mdudu. Hata jino likitoboka tunasema limeliwa na wadudu. Sayansi ilikuja ikakuta neno liko kazini, ikalichukua na kulibana kwa miguu sita, kisha ikamwacha buibui bila pa kukaa.

Na msidhani Kiingereza ndio kiko safi. Neno lao "bug" watu hulitumia kwa kila kinachotambaa, lakini kwa wataalamu ni kundi moja tu la wadudu wenye mdomo wa kufyonza. Kunguni yumo. Kipepeo hayumo. Kwa hivyo anayekucheka kwa kumwita buibui mdudu, muulize kwanza kama kipepeo ni "bug".

Sasa mbona nisumbuke na hii stori? Kwa sababu hapa Isiolo jina linaweza kukugharimu.

Mjomba wangu ana mbuzi. Mwaka jana walijaa kupe, akaingia dukani akaomba "dawa ya wadudu". Akapewa dawa ya wadudu kweli. Akapaka, akangoja, na kupe wakaendelea kunenepa. Kupe ana miguu minane kama buibui, na si kila dawa inayoua viroboto inamtoa kupe. Angesema "kupe" tu, angeokoa pesa na mbuzi wake.

Halafu kuna Nairobi fly. Jina linasema ni nzi, kumbe ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hadungi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inakuchoma ukimponda kwenye ngozi. Sisi tukisikia "fly" tunafanya nini? Tunampiga kofi akiwa shingoni. Asubuhi umeamka na malengelenge. Mpulize aende zake, usimponde.

Na hii tabia ya "mdudu ni mdudu, puliza dawa" ndiyo mbaya zaidi. Mwanzoni mwa 2020 nzige walipofika kaunti yetu na jirani zake, ndege zilipita zikinyunyiza dawa. Ilibidi, nzige walikuwa wanamaliza malisho. Lakini dawa kama hiyo haiulizi nani ni nzige na nani ni nyuki. Nyumbani tunafanya hivyo hivyo bila hata dharura. Tunaona buibui kwenye kona, tunachukua kopo, na yeye ndiye alikuwa anakula nzi na mbu bure. Kando ya Ziwa Victoria kuna buibui mdogo anayeruka, na windo analolipenda sana ni mbu jike aliyeshiba damu. Huyo unampulizia dawa ya nini?

Sisemi umkumbatie nge. Wahenga walishasema, dudu liumalo usilipe kidole. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, hiyo haina mjadala. Lakini ona hata wahenga: walimtenga anayeuma, hawakusema ua wote.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Ukitaka miguu sita, andika "wadudu wenye miguu sita". Mtoto aliyekua akimwita buibui mdudu hajakosa akili, anaongea lugha yake tu. Mfundishe maana ya pili bila kumfuta ya kwanza.

Kwa sasa kuna buibui juu ya mlango wa choo chetu. Mama ameshamtafutia fagio mara mbili, na mara zote mbili dogo amesimama mlangoni kumtetea. Kwenu je, huyo angekuwa bado hai?