Mwenyeji Si Yeyote

Swali huja lile lile: "Kaka, nikitaka kujijengea Linux kutoka msimbo chanzo, nianzie kwenye distro gani?" Kabla sijafungua kinywa, mtaalamu fulani ameshamjibu kijana: yoyote tu, si utaitupa?

Jibu hilo linaniudhi kwa sababu mimi nililiamini.

Nilianza na mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi. Nikapakua bison, gawk na texinfo kwa bando la simu, nikaunda mtumiaji wa kazi, nikaielekeza sh kwenye bash, nikajenga binutils, kisha nikaiacha GCC ijijenge usiku kucha kwenye laptop ambayo betri yake ilishakufa. Saa nane umeme ukakatika. Asubuhi kazi yangu ilikuwepo kwenye diski, nusunusu, lakini mwenyeji alikuwa amesahau kila kitu: mtumiaji hayupo, bison haipo, kigezo cha LFS kitupu. Vyote viliishi kwenye kumbukumbu ya muda, vikaenda na umeme. Nikanunua bando jingine. Wiki iliyofuata ukakatika tena, nikaacha mwaka mzima.

Najua watakachonijibu. Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans, hujenga kwanza kompaila ya mpito na kuipa mashine jina la bandia lenye neno lfs, ili GCC idhani inajengea kompyuta nyingine na isichukue maktaba za mwenyeji. Ni ujanja mzuri, naukubali. Lakini hiyo kompaila ya mpito nani anaijenga? Ken Thompson, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing iliyochapishwa 1984, alionyesha kwamba kompaila inaweza kuirithisha kompaila inayoizaa kitu kisichoonekana katika msimbo chanzo. Sisemi Debian yako ina pepo. Nasema anayesema "haijalishi" hajawahi kuuliza mama wa mtoto ni nani.

Wapo pia wa kambi ya pili: chukua iliyotoka jana. Hawa wananichosha zaidi. GCC 14 iligeuza maonyo kadhaa ya zamani kuwa makosa yanayosimamisha kazi. GCC 15 ikahamia C23 bila kuulizwa. Vifurushi vilivyojengeka vizuri miaka mingi vikaanza kugoma, na mwanafunzi akadhani amekosea yeye.

Mimi nasema: tumia distro iliyokwisha kukaa kwenye diski yako, uliyoishi nayo, unayojua inapouma. Iwe ya kizamani tu, mradi inatimiza orodha ya matoleo iliyo mwanzoni mwa kitabu. Kasoro zake zinajulikana. Kwenye Ubuntu, sh imekuwa dash tangu 2006. Kuirekebisha ni amri moja, na kesho ukiwasha utaikuta ilivyo.

Jumamosi kijana mmoja alikuja na flashi mfukoni. Nikamwambia airudishe mfukoni, awashe Debian yake ya chuoni, aendeshe hati ya ukaguzi. Ikakataa mambo mawili: sh ni dash, awk ni mawk. Akanitazama kama aliyefeli mtihani. Dakika kumi baadaye yote yalikuwa sawa.

Jana umeme umekatika mara mbili. Amenitumia ujumbe: yuko glibc.