Meli za Kitalii Kilwa: Tuhesabu Saa, Tusihesabu Vichwa

Meli ya kitalii inapotia nanga Kilwa, habari huanza na idadi: abiria kadhaa kutoka mataifa kadhaa wameshuka kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Ngoma hupigwa, viongozi hutoa hotuba za kukaribisha, na ujio huo hutajwa kuwa ushahidi kwamba utalii wa kusini umeamka. Furaha hiyo ina haki yake, kwa sababu mkoa wetu wa Lindi umesubiri wageni kwa muda mrefu. Lakini mgeni aliyeshuka asubuhi na kurejea melini kabla ya chakula cha mchana ameiachia Kilwa nini? Na yeye mwenyewe ameijua Kilwa kwa kiasi gani?

Msimamo wangu ni kwamba meli hizi zikaribishwe, ila kwa masharti yetu. Kipimo cha mafanikio kisiwe wingi wa abiria walioshuka. Kiwe saa walizokaa nchi kavu, sahani walizolia kwetu na shilingi zilizobaki kijijini.

Tuanze kwa kumfahamu abiria mwenyewe. Meli zinazofika Kilwa kwa kawaida ni ndogo. Le Bougainville ya kampuni ya Kifaransa ya Ponant, kwa mfano, ina urefu wa mita 131, vyumba 92 na nafasi ya abiria 184. Hiyo ni tofauti kubwa na meli kama Norwegian Dawn, inayobeba zaidi ya watu 2,000. Anayelipa fedha nyingi kupanda meli ndogo mara nyingi ni mstaafu aliyekwisha kuzunguka bahari nyingi. Amechoshwa na foleni za bandari kubwa na maduka yanayouza bidhaa zilezile kila mahali. Usiku wa kuamkia Kilwa huenda amehudhuria mhadhara humohumo melini kuhusu dhahabu ya Sofala na masultani waliotajirika nayo. Anashuka akiwa na maswali. Nani alijenga Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane? Wajukuu wa mji ule wako wapi, na wanaishije leo? Msafiri wa aina hii hakerwi na barabara ya vumbi. Hukerwa na kuharakishwa, na kusukumwa kwenye kundi kubwa lenye mwongozaji mmoja ambaye sauti yake haimfikii aliye nyuma, kisha kuondoka bila kuzungumza na mwenyeji hata mmoja. Anachokitaka yeye na kinachotufaa sisi ni kitu kimoja: muda.

Pwani hii ililijua jambo hilo zamani. Ibn Batuta, msafiri wa Tanja aliyepanda vyombo vya bahari nyingi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na sultani kwa ukarimu wake. Mapema katika safari hiyohiyo, alipokuwa Mogadishu, alieleza utaratibu unaostahili kusomwa upya na kila anayepanga utalii wa pwani. Jahazi lilipofika, vijana wa mji walilifuata kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akajichagulia mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Mgeni alilala nyumbani kwa mwenyeji, na mwenyeji ndiye aliyesimamia kuuza na kununua kwake. Aliyezoea kuja mara kwa mara na kuwafahamu watu aliachwa akae apendapo. Utaratibu ule ulikuwa ukarimu, na ulikuwa uchumi vilevile: biashara ya mgeni ilipitia mlango wa mwenyeji.

Meli ya kitalii ya leo inafanya kinyume chake. Kitanda, kifungua kinywa, chakula cha mchana, cha jioni na vinywaji, vyote vimelipiwa Ulaya au Marekani kabla ya safari kuanza. Boti za mpira za meli zinaweza kuwashusha abiria moja kwa moja kwenye ufuko wa Kisiwani, na hapo hata nauli ya kuvuka kutoka Kilwa Masoko haimfikii mwenye mashua. Kinachobaki nchi kavu ni tozo za bandari, kiingilio cha magofu, ujira wa waongoza watalii na vitu vichache vya mkononi vitakavyonunuliwa. Tozo na viingilio kwa asili yake huenda kwa taasisi za taifa: Mamlaka ya Bandari, na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ambayo sasa ndiyo inayosimamia magofu. Taasisi hizo zina kazi halali ya kufanya na fedha hizo. Lakini kijiji cha Kilwa Kisiwani, chenye watu wanaovua na kulima katikati ya kuta hizohizo, kinahitaji zaidi ya kutazama wageni wakipita.

Historia ya mkoa huu inatuonya. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru. Wapagazi waliibeba hadi Lindi, na kutoka hapo ikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Mifupa hiyo ndiyo fahari ya jumba la makumbusho la Berlin hadi leo, na Lindi haina kiingilio inachokusanya kutokana nayo. Bahari hubeba thamani kwa urahisi sana pale ambapo wa nchi kavu hawakuwa na nafasi ya kuweka masharti. Wakati ule hatukuwa na nafasi hiyo. Leo tunayo.

Wapo wanaosema dawa ni wingi: tujenge gati kubwa la kitalii, tualike meli za maelfu, na hata kila mmoja akiacha kidogo tutakusanya kingi. Hoja hiyo ina uzito wake. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipoleta mafuriko yaliyokata barabara kuu ya kusini, tulikumbushwa kwamba pwani hii haiwezi kutegemea lami peke yake. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023, inaonyesha kuwa taifa limeanza tena kuitazama Kilwa kwa upande wa bahari.

Hata hivyo, magofu si gati. Kuta za Kisiwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa 2014 baada ya ukarabati wa gharama kubwa. Mmomonyoko wa ufuko ulikuwa miongoni mwa maadui wakuu. Mahali palipochukua miaka 10 kuokolewa hapawezi kupokea watu 2,000 kwa asubuhi moja chini ya kuba za Msikiti Mkuu. Dubrovnik ilianza 2019 kuzuia zaidi ya meli mbili kwa siku. Italia ilizifungia meli kubwa mfereji wa katikati ya Venice mwaka 2021. Mipaka hiyo iliwekwa baada ya wenyeji wa miji hiyo kuchoka. Kilwa ina bahati ya kuweka yake mapema.

Wengine wanahofia kwamba tukiweka masharti, meli zitapita na kwenda kwingine. Sikubaliani nao. Fuko nyeupe ziko nyingi katika Bahari ya Hindi, lakini Husuni Kubwa ni moja. Zaidi ya hapo, meli hukoma kuja kwa sababu ambazo hatuna uwezo nazo. Aprili 2009 maharamia wa Kisomali waliishambulia meli ya abiria MSC Melody karibu na Shelisheli, na kampuni nyingi zikaikwepa sehemu hii ya bahari. Riziki ya kijiji isitundikwe kwenye ratiba inayopangwa ng'ambo. Meli iwe mlango wa kumfanya mgeni arudi, alale, na awaambie wenzake.

Masharti ninayoyataka si mazito. La kwanza ni chakula. Abiria wale mlo mmoja Kisiwani, umepikwa na vikundi vya akina mama: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza, madafu, na korosho za Lindi baadaye. Usafi wa jikoni na maji ukaguliwe mapema pamoja na mawakala wa meli, na akina mama wapewe mafunzo na vifaa kabla ya kudaiwa viwango. Mlo huo peke yake unampa kazi mvuvi, mkulima, mkwezi na mpishi, na unamlazimisha mgeni kukaa kitako na wenyeji. La pili ni uvukaji: wageni wapande mashua za wenyeji zenye jaketi okozi na manahodha waliosajiliwa. La tatu ni kikomo: meli moja kwa siku, makundi madogo, na mwongozaji wa Kilwa kwa kila kundi. La nne ni mgao wa kijiji, utajwe kwa asilimia na ubandikwe kwenye ofisi ya kijiji ili kila mtu ausome.

La tano ni siku ya pili. Songo Mnara ina nyumba za mawe na misikiti ambayo haistahili kutazamwa kwa haraka. Kilwa Kivinje ina kumbukumbu nzito za misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895 kwa kupinga utawala wao. Msafiri mwenye maswali angependa kusikia habari hizo kutoka kwa watu wa Kivinje wenyewe, naye akipata sababu ya kulala, nyumba za wageni za Masoko zitapata kazi.

Kabla ya msimu ujao wa kaskazi, TAWA, Mamlaka ya Bandari, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa na serikali ya kijiji cha Kilwa Kisiwani wakae meza moja na kuyaandika masharti haya. Kisha baada ya kila meli watangaze taarifa ya aina mpya: abiria walikaa saa ngapi, walikula sahani ngapi, waongozaji na manahodha wangapi walilipwa, na kijiji kilipokea shilingi ngapi. Waandishi wa habari nao waidai taarifa hiyo. Meli itakayokubali masharti hayo ipokewe kwa ngoma zote tulizonazo. Isiyokubali ituache, maana Kilwa haina haja ya mgeni asiyetaka kuketi.