Mpangaji wa Duka Asiye na Mkataba



Wengi wa vijana wetu wameiacha pwani wakaenda bara kutafuta riziki. Tuseme mmoja wao amekodi duka Lubao, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye. Hakuandikiana mkataba na mwenye jengo. Walikubaliana kwa maneno, na kodi hulipwa kila mwezi. Wateja wameshamzoea. Asubuhi moja anaambiwa aondoke mwisho wa mwezi. Kijana hujiona hana la kusema, kwa kuwa hana karatasi mkononi.

Hapo ndipo wengi hukosea. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, iliyotungwa mwaka 1965, humlinda hasa mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, pamoja na yule ambaye mkataba wake hauzidi miaka 5.

Mpangaji huyo hatolewi wala hapandishiwi kodi kwa kauli ya mdomo. Sharti apewe ilani kwa fomu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja sababu, nayo isianze kutumika kabla ya miezi 2 kupita tangu aipokee. Sababu za kumtoa nazo zina mipaka: mathalani, kodi kukaa miezi 2 bila kulipwa, au mwenye jengo kukusudia kulibomoa, au kulitumia mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka 1.

Lakini ulinzi huu humfaa aliye macho. Ndani ya mwezi 1 na amjibu mwenye jengo kwa maandishi kwamba hakubali, kisha apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya ilani kuwadia. Akinyamaza, ilani hushika, na haki humponyoka. Wakati huo wote aendelee kulipa kodi, na kila risiti aitunze.

Nasi tulio na majengo Mombasa, Malindi au Lamu, tukumbuke kuwa sheria ni hiyo hiyo. Kufuli jipya lililotiwa usiku mlangoni mwa mpangaji si ilani. Tunalotaka watoto wetu watendewe ugenini, na tuwatendee wapangaji wetu nyumbani.