Ushindi Uliotolewa Mezani

Mwezi wa saba 2010, Alberto Contador wa Hispania alishinda Tour de France. Kipimo cha siku ya mapumziko kikaonyesha dawa ya klenbuterolo. Shirikisho la nchi yake likamwachilia. UCI na WADA wakakata rufaa huko Lausanne, na hukumu ikatoka tarehe 6 mwezi wa pili 2012. Katikati ya hayo alikwisha kushinda Giro ya 2011, nayo ikafutwa.

Hatumtetei. Lakini Andy Schleck na Michele Scarponi, waliopewa mataji hayo mezani, nani atawarudishia ile saa ya kushangiliwa barabarani? Sisi twaona rufaa iwekewe kikomo cha miezi sita, na mshtakiwa asishindane kwanza. Kungoja kwa namna hiyo, hata asiye na hatia aweza kukuvumilia.